Lori Likisogea Sentimita Nne

Ukiishi Tunduma, usiiachie simu kazi ya kupanga saa. Ikiwa saa nne asubuhi upande huu wa Tanzania, Nakonde ng'ambo ya mpaka ni saa tatu, na simu ikishika mnara wa Zambia hujirudisha nyuma bila kumuuliza mwenyewe. Mawimbi ya redio hayagongewi muhuri. Yanatoka mnarani, yanagonga mabati, kuta na ubavu wa kontena, kisha yanaifikia simu vipande vipande, kila kipande kwa njia yake.

Vurugu hiyo ndiyo mtaji wa 5G. Mwaka 2010 Thomas Marzetta, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba mnara wenye antena nyingi mno kuliko simu unazohudumia unaweza kuzisemesha simu hizo zote kwa mpigo, kwenye masafa yaleyale, bila moja kuivuruga nyingine. Siku hizi paneli ya antena 64 ni kitu cha kawaida kwenye 5G. Kazi inayofanyika kabla wimbi halijaondoka huitwa prikodingi: kila antena hupangiwa irushe kwa nguvu kiasi gani, na wimbi lake lianzie wapi katika kupanda na kushuka kwake. Yakipangwa vizuri, mawimbi yote hujumlishana kwenye simu ya dereva na kufutana kwenye simu ya utingo wa lori la nyuma.

Tatizo ni gharama ya hesabu. Njia iliyozoeleka hutengeneza jedwali la namba linaloeleza simu zote, kisha hulitafutia kinyume chake. Simu zikiongezeka mara mbili, kazi hiyo huongezeka mara nane. Nayo lazima irudiwe haraka: kwenye gigahezi 3.5 urefu wa wimbi ni sentimita 8.6 hivi, na simu ikisogea nusu ya hapo, picha ya mawimbi imeshabadilika. Lori linalotoka Vwawa kwa kilomita 80 kwa saa hupita nusu hiyo kwa milisekunde mbili tu.

Ungedhani foleni ya mpakani ni afadhali, kwa kuwa malori yamesimama. Kwa upande mmoja ni kweli. Lakini malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo hujipanga kwenye barabara moja, na mnara ulio kwenye mstari mmoja na barabara hiyo huyaona karibu yote yako upande mmoja. Majirani wawili wakifanana hivyo machoni pa antena, ile njia iliyozoeleka hutumia nguvu nyingi mno kuwatenganisha, na kinachobaki cha kubeba bando lao ni kidogo. Ipo njia bora, WMMSE, iliyochapishwa mwaka 2011, ambayo hupima ni usumbufu upi uvumiliwe na upi uzimwe. Ila hufikia jibu kwa kurudia hesabu nzito tena na tena, anasa ambayo milisekunde mbili za lori linalokwenda haziruhusu.

Hapo ndipo mashine inapofundishwa. Mwaka 2018 Haoran Sun na wenzake, akiwemo Qingjiang Shi aliyeshiriki kuiunda WMMSE yenyewe, waliufunza mtandao wa neva bandia uige majibu ya WMMSE katika kugawa nguvu za kurusha. Jasho lote lilimwagika wakati wa mafunzo. Wakati wa kazi zilibaki hatua chache za kuzidisha na kujumlisha. Ni kama mbadilisha fedha wa Tunduma: ukimtajia kwacha, anakujibu kwa shilingi bila kushika kalamu, kwa sababu hesabu aliimaliza siku nyingi. Bei ikiruka ghafla, ndipo utakapojua kwamba alikuwa hakokotoi.

Sioni udhaifu mkubwa kuliko huo. Mtandao uliofunzwa kwa vipimo vya mji wa maghorofa haujawahi kuona ukuta wa makontena unaohama kila baada ya saa kadhaa, na utatoa jibu baya kwa kujiamini kabisa. Kwa hiyo navutiwa zaidi na njia ya kati ya Lissy Pellaco, Mats Bengtsson na Joakim Jaldén wa chuo cha KTH, Stockholm. Hawakuitupa WMMSE, waliiacha na umbo lake, wakaondoa ile kazi ya kutafuta kinyume cha jedwali, wakaweka hatua chache nyepesi, na mashine wakaiachia ijifunze ukubwa wa kila hatua. Cha kujifunza kinakuwa namba chache tu.

Uchache huo una maana kwa mkoa kama Songwe, ilipo Tunduma, ambako barabara moja hupita kwenye kahawa ya Mbozi kabla ya kuingia kwenye msongamano wa mpakani. Namba zinazofaa shambani hazifai kwenye foleni. Lakini zikiwa chache, mnara hauhitaji kompyuta ya kifahari kuzisahihisha. Unaweza kuzipima upya kwa mawimbi ya simu zake wenyewe, usiku, wateja wakiwa wachache.