Uzito au Mnato? Uteuzi wa Oili kwa Gari Lililofungwa Supachaja

Katika gereji za Migori na Homa Bay, kama kwingineko nchini, oili ya injini huelezwa kuwa 'nzito' au 'nyepesi'. Kwa kuwa uzito katika Kiswahili huambatana na nguvu na hadhi, kama tusemapo 'mtu mzito' au 'neno zito', mteja huamini upesi kwamba oili nzito zaidi ndiyo bora zaidi. Makala haya yanalenga kubainisha kuwa kinachopimwa si uzito bali mnato, na kwamba kuchanganya dhana hizi mbili kwaweza kuua injini.

Mnato ni ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka. Mvuvi wa Homa Bay anajua kwamba oili iliyomwagika kutoka kwenye mashine ya boti huelea ziwani. Kwa hivyo ni nyepesi kuliko maji. Hata hivyo, oili hiyo hiyo hutiririka polepole kuliko maji. Aidha, mnato hupungua sana joto linapopanda.

Nambari zilizo kwenye mkebe hueleza tabia hiyo. Katika 5W-30, herufi W huashiria majira ya baridi, na 5 huonyesha jinsi oili inavyotiririka katika baridi iliyo chini ya nyuzi sufuri. Nambari 30 huhusu mnato katika nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa viwango vya SAE, daraja la 30 huanzia sentistoki 9.3 na kuishia chini ya 12.5, daraja la 40 huanzia 12.5 na kuishia chini ya 16.3. Kwa kuwa Migori haina theluji, nambari ya pili ndiyo ya kuzingatiwa kwanza.

Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, kwa kawaida kwa mkanda, na kuisukumia hewa nyingi. Hewa na petroli vikiongezeka, joto na shinikizo huongezeka pia. Utando mwembamba wa oili kati ya beringi na krankshafti ndio unaobeba mzigo huo. Gari linapopanda kutoka ziwani kupitia Rodi Kopany hadi Rongo, oili huzidi kupata joto na utando huo huzidi kuwa mwembamba.

Je, mwenye gari afanyeje? Kwanza, aanze na daraja lililopendekezwa na mtengenezaji wa injini. Pili, afunge geji za joto na shinikizo la oili. Tatu, iwapo joto hupita nyuzi 120 kwa muda mrefu na shinikizo kushuka chini ya kiwango kinachotakiwa, apande daraja moja, yaani kutoka 30 hadi 40. Kurukia 50 bila kupima ni hatari: asubuhi oili huchelewa kufika kwenye beringi, pampu hulemewa, na msuguano wa oili yenyewe huzalisha joto. Ikumbukwe pia kwamba oili haiponyi beringi zilizolika, na kwamba baadhi ya supachaja huwa na oili yake ya gia, tofauti na ya injini.

Istilahi 'mnato' tunayo tayari. Jukumu la wanafunzi wa Kiswahili ni kuifikisha gerejini, kwani ikibaki kamusini, fundi na mteja wataendelea kukubaliana juu ya jambo lisilo sahihi.