Lofoi, maji yanayoanguka Kundelungu

Wengi wenu mumetuuliza kama safari ya Lofoi ilistahili feza za likelemba. Feza zile zingeweza kulipa minervali ya watoto, ni kweli, na mama mmoja wetu alilisema wazi mbele ya wote. Tulienda hata hivyo, mwezi wa tano.

Mwezi wenyewe ni jambo kubwa, kwani Lofoi inaishi kwa mvua. Ukienda mwisho wa kiangazi utakuta maji kidogo tu kwenye mawe. Ukienda katikati ya mvua gari litalala ndani ya matope. Mwezi wa tano maji yangali mengi na njia imeanza kukauka. Tulishika barabara ya Kasenga, kisha njia ya udongo, siku nzima.

Juu ya uwanda wa Kundelungu mto unatembea kati ya majani, huwezi kuwaza kitu. Halafu udongo unakwisha. Maji yanaanguka karibu mita 340 ndani ya bonde jembamba. Victoria kule Zambia, tunayoifundisha darasani, ina mita 108 (ila yenyewe ni pana sana). Watoto walipiga hesabu: zaidi ya mara tatu! Chini hatukuona maji, tuliona kama moshi. Kila mama alifunga mtoto wake kiunoni kwa kikwembe na kushika ncha, tukalala kifudifudi kuchungulia. Mwenye watoto watatu aende na msaidizi, ao wadogo wabaki mbali.

Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu 1970, chini ya ICCN. Ndani yake ni marufuku kuwinda na kukata miti. Mlinzi alitueleza kwamba mizizi ndiyo inayoshika mvua na kuiachilia polepole mtoni.

Basi, wakati wa kurudi, tukakuta magunia ya makala kando ya njia, bei nzuri kuliko ya mjini. Ubishi ukaanza ndani ya gari. Umeme ukikatika, nani kati yetu anapika bukari bila makala? Muuzaji alisema miti yake ilitoka nje ya hifadhi. Hakuna aliyeweza kuhakikisha. Wawili walinunua, wengine tulikataa, na mpaka Minga watu hawakusemeshana vizuri.

Neno hilo litazungumzwa kwenye mkutano wa siku ya posho. Walionunua watakuja pia.