Samaki wamo kidimbwini, lakini ndoano haishiki



Mwezi wa pili jua likiwa kali, kikundi kinaamua kuvua samaki wachache wa kuuza siku ya soko. Kijana anatumwa na ndoano. Anakaa ukingoni tangu asubuhi hadi saa saba mchana, anarudi na visamaki viwili vya urefu wa kidole. Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema samaki wameibwa usiku. Mwingine anamtazama mlinzi wa kidimbwi kwa jicho baya. Mweka hazina naye anakumbuka pesa zilizonunua vifaranga na chakula, na mkutano unaisha bila maombi ya kufunga. Kumbe samaki wako pale pale majini, wazima kabisa. Wana shughuli yao tu: ni wakati wa kutaga mayai.

Jambo hili linatuhusu sana kwa sababu vidimbwi ni vingi. Mwaka wa 2009 serikali ilianza mpango wa kufufua uchumi, na kila eneo bunge kati ya yale 140 yaliyohusika likapangiwa vidimbwi 200, kila kimoja cha mita 300 za mraba, na vifaranga 1,000 vya kuanzia. Kiwanda cha samaki nacho kikajengwa Kanyakine, Imenti Kusini. Wazee wetu hawakuwa walaji wa samaki, kwa hiyo wengi wetu tulipewa kidimbwi kabla hatujajua tabia za mnyama mwenyewe. Vidimbwi vingine vimeachwa vikaota nyasi.

Sasa tumwangalie tilapia. Yeye anapenda joto. Maji yakifika nyuzi 22 za selsiasi na kuendelea, anaanza kuzaa. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, hamu yake ya chakula inapungua, na yakikaribia 16 anaacha kula karibu kabisa. Maji yetu yanatoka Mlima Kenya na ni baridi, ndiyo maana samaki wa huku hukua polepole kuliko wa sehemu za chini zenye joto. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, ukungu ukiwa umetanda, usitegemee ndoano hata kidogo. Lakini Januari hadi Machi jua linapasha kidimbwi joto, na hapo ndipo harusi zinapoanza.

Dume huchagua mahali pasipo na kina kirefu, mara nyingi karibu na ukingo, akachimba shimo la mviringo kama sufuria kwa mdomo wake. Hicho ndicho kiota. Analinda hapo na kumfukuza kila apitaye. Jike anakuja, anataga mayai mia kadhaa au hata kupita elfu kama ni mkubwa, dume anayamwagia mbegu, kisha jike anayachukua yote mdomoni. Ndiyo, mdomoni! Anakaa nayo humo mpaka yaanguliwe na watoto waweze kuogelea wenyewe, kama siku kumi hadi wiki mbili, na maji yakiwa baridi ni zaidi. Siku zote hizo hali, au anakula kidogo mno. Sasa wewe umemwekea nyungunyungu mnono mbele yake. Mdomo umejaa watoto, ataukamataje?

Wale wanaosoma Biblia watakumbuka kwamba katika Mathayo 17 Petro aliambiwa atupe ndoano baharini, na samaki wa kwanza alikutwa na sarafu mdomoni. Katika ziwa lile la Galilaya wako tilapia wa namna hii hii, wanaobeba watoto mdomoni, na watu wengi huwaita samaki wa Petro. Sisemi kwamba ndiye yule wa sarafu, maana Maandiko hayakutaja aina. Nasema tu kwamba Petro alikuwa mvuvi, na bila shaka tabia hii aliijua.

Kabla ya kumshuku mtu yeyote, nendeni kidimbwini saa tano au saa sita, jua likiwa juu na maji yakiwa yametulia. Tazameni kandokando. Mkiona mashimo ya mviringo chini ya maji, mmeshapata jibu la kwanza. Mkiona vitoto vidogo vimejikusanya kama wingu jeusi ukingoni, hilo ni jibu la pili. Na mkimshika samaki ambaye sehemu ya chini ya taya imevimba kama mtu mwenye matubwitubwi, huyo ni mama mwenye mayai. Akitolewa majini huyatema yote. Mkikosa dalili zote hizi, na samaki hawaji hata wakitupiwa chakula siku yenye jua, basi hapo ndipo mnaweza kuuliza juu ya wizi, au ndege, au fisi maji.

Tuje kwa uvuvi wenyewe. Kosa la kawaida ni kwenda alfajiri, kwa sababu tumesikia wavuvi wa ziwani huamka mapema. Huku kwetu juu alfajiri maji ni baridi, na hewa ndani ya maji huwa imepungua baada ya usiku, kwa hiyo samaki amezubaa. Nendeni saa nne hadi saa tisa. Siku iliyotangulia msiwape chakula. Yule asiye na mayai mdomoni atakuwa na njaa, na ndiye mnayemtafuta upande ule mliozoea kumwaga chakula.

Ndoano iwe ndogo, namba 8 hadi 12, maana mdomo wa tilapia si mkubwa. Ndoano kubwa zile za mbuta mwachieni mtu wa Ziwa Victoria. Uzi mwembamba wa nailoni, fito ya mwanzi, na kipande cha ndara kuukuu kwa boya vinatosha. Chambo ni nyungunyungu au donge gumu la ugali. Mvua zikianza, kumbikumbi ni bora kuliko vyote. Mvuvi akae chini, mita mbili hivi kutoka ukingoni, kivuli chake kisianguke majini. Watoto wasikimbie juu ya tuta. Samaki husikia kishindo cha mguu mapema kuliko unavyofikiri.

Na yule dume aliye kiotani je? Huyo hana haja na chakula chako, lakini ana wivu na nyumba yake. Tupa chambo kipite kidogo mbele ya kiota, kivute taratibu mpaka kitumbukie ndani ya shimo, kisha kiache kitulie chini. Mara ya kwanza atakikaribia na kurudi nyuma. Rudia. Mara ya nne au ya tano atakiinua kwa mdomo akitupe nje, jinsi anavyotoa jiwe au jani. Boya likisogea tu, inua fito hapo hapo, kwa kuwa hamezi, anahamisha uchafu. Ukingoja boya lizame, umemkosa.

Ujanja huu unajulikana vizuri kwa wavuvi wa bass, samaki mwenye asili ya Marekani aliyeingizwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1929. Dume wa bass hulinda mayai kiotani, na huuma chambo kwa hasira, si kwa njaa. Lakini kuna tofauti kubwa ambayo ni lazima kikundi kiielewe. Mayai ya bass hubaki kiotani. Ukimtoa baba yake, samaki wengine huyala upesi, na kizazi kizima kimekwisha. Ndiyo maana mvuvi mwenye busara humrudisha. Kwa tilapia wetu mayai yako na mama. Ukimtoa dume hujaua mtoto hata mmoja.

Tena katika kidimbwi, kumtoa ni faida. Shida yetu kubwa ni watoto kuzidi, hawakosi kamwe. Vifaranga 1,000 vikiwekwa dume kwa jike, baada ya miezi michache vinaanza kuzaana vikiwa bado vidogo, chakula kinagawanywa kwa midomo maelfu, na mwisho wa mwaka una kidimbwi kilichojaa samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Hakuna mnunuzi wa hao. Kwa maoni yangu hasara hii imefunga vidimbwi vingi kuliko wizi. Tiba ni kuweka madume peke yake tangu mwanzo, na kituo cha serikali cha Sagana, ambacho kimefanya kazi ya samaki tangu 1948, ni mahali pazuri pa kuuliza kabla ya kununua kwa mtu wa barabarani. Njia nyingine ni kuongeza kambare wachache wale hao watoto. Lakini kambare wawe wadogo kuliko tilapia wenyewe, la sivyo watawamaliza wote.

Mkitaka kujua aliyeshikwa ni dume au jike, mpindueni tumbo juu mkiwa na mikono iliyoloa. Karibu na pezi la nyuma dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Mkifanya mara kumi jicho litazoea. Jike mwenye taya iliyovimba arudishwe majini haraka kama kikundi kina mpango wa kuuza vifaranga. Kama hakina, apelekwe jikoni pamoja na wengine.

Ndoano zihesabiwe kabla na baada, maana moja ikiachwa kwenye nyasi itaingia mguuni mwa mtoto. Mtoto asiachwe kuvua peke yake, kidimbwi cha mita moja kinatosha kuzamisha. Na kila siku ya kuvua, katibu aandike kwenye daftari la kikundi: tarehe, hali ya hewa, saa, madume wangapi, majike wangapi, uzito kama mzani upo, na viota vilivyoonekana. Mwaka ujao mwezi wa pili ukifika, daftari hilo lisomwe kwenye mkutano kabla kijana hajatumwa.