Nchi Inayoelea Angani

Kazi yangu ni kuhariri hadithi za waandishi chipukizi, na kalamu yangu nyekundu huishia kwenye sitiari. Aya moja mapenzi ni bahari, inayofuata ni moto, ukigeuza ukurasa ni gereza. Msomaji ashike lipi?

Huwa nawaelekeza kwenye Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Kusadikika ni nchi inayoelea angani: sitiari moja, kitabu kizima. Mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande nne, mbinguni na ardhini. Ardhini! Kwa kuwa nchi iko juu, hata ardhi ni ugenini. Hapo ndipo navua kofia: mwandishi ameifuata sitiari yake mpaka inakozalisha matukio. Wala hatuambii nchi hiyo ni mfano wa nchi gani. (Wengi wangetia maelezo, wakaharibu.)

Mswada ulio mezani kwangu leo una mji uliojengwa kwa chumvi. Nimeandika pembeni: mvua ikinyesha je? Mwandishi anijibu kwanza, ndipo tufungue sura ya pili.