Falsafa ndani ya shairi: kutoka Marungu hadi Ukerewe

Falsafa na ushairi vinagombea haki moja, ya kusema mambo yalivyo. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, aliuona ugomvi huo kuwa wa kale hata kwa enzi yake, akawafungia washairi mlango wa mji wake. Mwanafunzi wake Aristotle alilegeza kamba: ushairi, alisema, una falsafa kuliko historia, kwa kuwa historia husimulia lililompata fulani, na ushairi hueleza linaloweza kumpata yeyote. (Plato mwenyewe aliandika kwa mazungumzo ya wahusika, kama mtunzi wa tamthilia. Wafuasi wake husahau upesi.)

Mashariki mwa Kongo ugomvi ulikuja na sura nyingine. Hapa mshairi hakufukuzwa. Falsafa ilichotwa katika methali, majina na nyimbo, kisha wenye nyimbo wakaambiwa hawawezi kuieleza wenyewe.

Anayeondoka Kalemie na kufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini, hufika Moba, iliyoitwa Baudouinville wakati wa Wabelgiji. Huko Stefano Kaoze, Mtabwa wa milima ya Marungu, alipewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kuupata chini ya ukoloni huo. Miaka 7 kabla, akiwa bado mseminari, maandishi yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalikuwa yameanza kuchapishwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo mwenyeji aliandika mapema kuliko inavyodhaniwa. Waliopata sifa ni waliokuja nyuma yake.

Aliyepata sifa kubwa zaidi ni Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi na Waluba wa Katanga. Kitabu chake cha mwaka 1945 kilidai kwamba kwa Mbantu kuwapo ni kuwa na nguvu, nayo huongezeka au kupungua. Ilikuwa hatua ya ujasiri siku ambazo wengi walimnyima Mwafrika hata fikra. Lakini Tempels aliongeza kwamba Wabantu wasitarajiwe kuipanga falsafa hiyo kwa istilahi zake. Kazi hiyo ni ya Mzungu. Wazo likawa kama shaba ya Katanga: linachimbwa hapa, linasafishwa kwingine.

Kasoro ya mtazamo huo huonekana mtu akisikiliza kasala, ushairi wa sifa wa Waluba ambao Clémentine Faïk-Nzuji, mwenyewe mshairi, aliuchambua katika kitabu cha mwaka 1974. Kasala humwita mtu kwa jina lake, kisha kwa majina ya sifa, ya baba, ya mama, ya mababu, jina juu ya jina. Anayetafuta fundisho la kunakili atatoka na sentensi moja: mtu ni watu wake. Ni kweli, ila ni maganda. Hoja yenyewe iko katika kuitwa. Aliyetajwa hivyo mbele ya jamaa, pengine msibani, haelezwi kwamba ana ukoo. Anawekwa ndani yake wakati ule ule, naye huitika kwa mwili mzima. Tendo hilo haliwezi kuhamishiwa kwenye ufupisho.

Alexis Kagame wa Rwanda alijua pande zote mbili. Alikuwa padri, mshairi wa Kinyarwanda na mkusanyaji wa mashairi ya ikulu, aliyoyatolea kitabu mwaka 1951. Mwaka 1956 alichapisha utafiti wake wa falsafa, akimpima Tempels kwa sarufi: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, makundi manne ya kila kilichopo juu ya shina moja. Msomaji wa Kiswahili husikia mwangwi wake katika mtu, kitu na utu. Wapinzani walijibu kwamba ngeli za nomino si lazima ziwe fikra za wasemaji, na hapo walikuwa na haki. Mashairi ya ikulu yalimpa Kagame ushahidi mzito zaidi, kwani yalifunika neno kwa neno, likafichwa nyuma ya kisawe au ya jina linalofanana nalo kwa sauti, na msikilizaji akalazimika kufikiri hatua kwa hatua ili alifikie.

Pigo kali kwa Tempels lilitoka kwa mshairi, Aimé Césaire wa Martinique, mwaka 1950. Hakuwadhihaki Wabantu. Aliwadhihaki wanaomsifu mtu kwa falsafa yake ili wasimlipe mshahara wala wasimrudishie ardhi. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alianza na mashairi, kisha mwaka 1988 akaonyesha jinsi Afrika ilivyobuniwa na maktaba za wageni.

Kwa Kiswahili njia hiyo ya kuunganisha ushairi na falsafa ilifuatwa na Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Tasnifu yake ya mwaka 1985, iliyoandikwa Marekani, ilihusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Maswali yake yanarudi katika mashairi huru ya Karibu Ndani, 1988, na katika Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo wahakiki huviita riwaya kwa kukosa jina jingine.