Je, Wajua? Shambani Baada ya Ukomunisti

Marehemu aliyeusia misitu
Septemba 12, 1990, wiki 3 tu kabla ya Ujerumani Mashariki kufutika kwenye ramani, baraza lake la mawaziri lilikutana kwa mara ya mwisho na kutenga maeneo 14 ya hifadhi, zikiwemo hifadhi za taifa 5. Wengine hufa wakaacha madeni. Marehemu huyu aliacha madeni na misitu. Hata mpaka wake na Ujerumani Magharibi, uliokuwa na mabomu ya ardhini, mrefu kuliko reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma, sasa ni ukanda wa ndege na maua.

Mimea 98 chumbani
Karibu na mji wa Cluj, Romania, watafiti walihesabu aina 98 za mimea kwenye meta 10 za mraba, yaani chumba kidogo cha kulala. Mwaka 2012 hiyo ilikuwa rekodi ya dunia kwa eneo la ukubwa huo. Siri yake? Vizazi vya wakulima wadogo waliokata majani ya mifugo kwa mkono. Romania pekee ina karibu theluthi moja ya mashamba yote ya Umoja wa Ulaya, mengi ya ekari chache tu.

Bahari iliyonywewa na pamba
Kabla ya miaka ya 1960, Bahari ya Aral ilikaribia kulingana na Ziwa Victoria kwa ukubwa. Kisha Umoja wa Kisovieti ukaichepusha mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, kumwagilia pamba. Kufikia 2007 ilibaki sehemu moja ya kumi hivi, na meli za uvuvi zimelala mchangani. Hebu fikiria Mwanza bila ziwa! Lakini mwaka 2005 Kazakhstan ilikamilisha ukuta wa Kok-Aral, wa kilomita 13 hivi, kuzuia maji ya Syr Darya yasipotelee kusini. Upande wa kaskazini maji yakapanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi na wavuvi wakawafuata. Upande wa kusini, ole wake, ulizidi kukauka.

Viazi vya bustanini
Mwishoni mwa miaka ya 1990, viazi 9 kati ya kila 10 nchini Urusi vilitoka kwenye bustani za familia. Mashamba makubwa ya serikali yalipoyumba, jembe la bibi ndilo lililojaza sufuria.

Mgeni kutoka Poland
Wakati wa ukomunisti, wakulima wa Poland waligoma kuunganishwa katika mashamba ya pamoja, wakabaki na vishamba vyao, mabondeni kwenye vyura ambao korongo huwala. Hiyo ni sababu moja sensa ya 2004 ilikuta huko jozi zaidi ya 50,000 za korongo weupe, takriban moja kati ya kila tano duniani. Kabla ya baridi kuanza, wengi wao huja Afrika Mashariki kula panzi na viwavijeshi. Ukimwona mmoja shambani kwako, mtazame mguuni: pete yenye namba huenda ikakueleza alikozaliwa.