Hewa Inayoingia kwa Mlango wa Nyuma
Pikipiki yangu ya zamani ilianza kunguruma kwa nguvu hata nikiachia mafuta, huku bomba la moshi likitoa vishindo. Nilifungua plagi nikaikuta nyeupe kama chokaa. Nikajua injini inapata hewa nyingi kuliko petroli inavyohitaji.

Petroli gramu 1 huungua vizuri ikipata hewa takriban gramu 14.7. Hewa ikipenya pembeni, uwiano huo huvurugika, injini hupata joto kali na pistoni huweza kuungua.

Ili kujua hewa inapenyea wapi, niliwasha injini, nikanyunyizia maji kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Mngurumo ukabadilika papo hapo: ufa ulikuwa hapo! Nikabadilisha mpira. Usijaribu kwa petroli, inaweza kulipuka moto. Ndugu zangu, kagueni mpira kabla ya kulaumu kabureta.